Kabla Hujalipia Mtihani: Majibu kwa Wasomaji wa Nyanda za Juu Kusini

Barua za safari hii zimetoka Mbeya, Rungwe, Kyela, Njombe na Iringa, na karibu zote zinahusu mitihani ya kuombea nafasi ya shahada ya uzamili nje ya nchi. Tumezifupisha na kuacha majina ya waandishi.

Shikamooni. Nimemaliza uhandisi mwaka jana. Wenzangu wananihimiza nijisajili GRE haraka, eti bila GRE hakuna chuo cha nje kitakachonitazama. Akiba yangu ni laki saba tu. Nianzie wapi?
*Mhitimu, Iyunga, Mbeya*

Marahaba. Usilipe kwanza. GRE, mtihani wa lugha na hesabu wa kuombea uzamili, ni dola 220, na ukishalipa akiba yako karibu yote imekwisha kabla hujajua kama kuna chuo chochote kinachouhitaji.

Mtihani huu kwa asili ni wa vyuo vya Marekani. Programu nyingi za uzamili za Uingereza, Ujerumani, Uholanzi na Swideni haziuulizi kabisa. Hata Marekani kwenyewe, tangu UVIKO-19 mwaka 2020, idara nyingi ziliufanya wa hiari, na nyingine zimeandika wazi kwamba hata ukituma alama hazitasomwa. Hayo ni mambo matatu tofauti: lazima, hiari, haupokelewi. Wasomaji wetu wengi wanayachanganya.

Kwa hiyo kazi ya wiki mbili za mwanzo ni daftari na bando. Chora safu: jina la programu, mtihani wa lugha na alama ya chini kwa kila stadi, GRE inatakiwa au la, ada ya maombi, tarehe ya mwisho na saa ya nchi gani, nani analipa karo. Programu sita hadi nane zinatosha. Soma ukurasa wa idara yenyewe, si ukurasa wa jumla wa chuo, kwa sababu mara nyingi kurasa hizo mbili hazisemi kitu kimoja. Zikipingana, iandikie ofisi ya udahili barua pepe ya mistari mitatu na ulihifadhi jibu lao.

Ukimaliza, hesabu. Kama programu moja tu kati ya nane inadai GRE, itoe kwenye orodha na fedha hiyo uielekeze kwenye mtihani wa Kiingereza. Panapoandikwa hiari, maoni yetu ni haya: alama ya juu ya hesabu inamsaidia mwenye GPA (wastani wa alama za chuo) ya kawaida anayeomba uhandisi au uchumi, alama ya katikati haimsaidii mtu yeyote. Kwa masomo ya biashara utakutana pia na GMAT, lakini shule nyingi za biashara hupokea mojawapo, kwa hiyo usifanye yote miwili.

Jambo jingine kwa anayelenga Marekani: masharti ya viza za wanafunzi yamekuwa yakibadilika tangu 2025. Soma tovuti ya ubalozi wao Dar es Salaam siku hiyo hiyo unayotaka kulipia mtihani. Kama viza za masomo hazitolewi kwa Watanzania wakati huo, dola zako zisubiri.

Mimi ni mwalimu wa Historia na Kiswahili. Hesabu nilipata D kidato cha nne na tangu hapo sikuigusa. Programu ninayoitaka inadai GRE kwa lazima. Naweza? Nisome nini na kwa muda gani?
*Mwalimu, Mafinga*

Unaweza, mwalimu, ila si kwa mwezi mmoja.

Jua kwanza umbo lake. Tangu 22 Septemba 2023 GRE umefupishwa: saa 1 na dakika 58 badala ya zaidi ya saa tatu na nusu. Kuna insha moja ya dakika 30. Lugha ina vipande viwili: maswali 12 kwa dakika 18, kisha 15 kwa dakika 23. Hesabu nayo ni viwili: maswali 12 kwa dakika 21, kisha 15 kwa dakika 26. Lugha na hesabu kila moja hupewa alama kati ya 130 na 170. Insha ni 0 hadi 6. Vile vitabu vya zamani vinavyozunguka kwa kurudufishwa bado vina maswali mazuri ya mazoezi, ila usifuate ratiba yake, na ile insha ya pili ya kuchambua hoja imeondolewa.

Kipande cha kwanza ndicho kinachoamua ugumu wa kipande cha pili. Ukifanya vizuri, cha pili kinakuwa kigumu na ndicho kinachofungua mlango wa alama za juu. Ukiboronga cha kwanza, cha pili kinakuwa rahisi lakini dari ya alama imeshashuka. Kwa hiyo usiingie ukidhani utapata joto polepole. Ndani ya kipande unaruhusiwa kuruka swali, kuliwekea alama na kulirudia. Jibu baya halikatwi alama, hivyo hakuna sababu ya kuacha swali tupu muda unapokwisha.

Hesabu zenyewe ni za sekondari: sehemu, asilimia, uwiano, vipeo, milinganyo, pembetatu, duara, wastani, namba ya kati (median), mchepuko sanifu (standard deviation), kuhesabu mipangilio, uwezekano, na kusoma chati. Kalkulasi haimo. Kinachoangusha watu ni mitego. Chukua swali la kulinganisha: Kiasi A ni x², Kiasi B ni x, hakuna maelezo mengine. Mwenye haraka anaweka 2, anaona 4 ni kubwa kuliko 2, anachagua A. Weka 1: vinalingana. Weka nusu: robo ni ndogo kuliko nusu, B imeshinda. Jibu sahihi ni kwamba haiwezekani kujua. Katika maswali ya aina hii jizoeze kupima namba tano kila mara: namba chanya kubwa, 1, sehemu, 0 na namba hasi. Inachukua nusu dakika.

Mtego mwingine ni wa asilimia. Gunia la viazi likipanda bei kwa asilimia 20, kisha likashuka kwa asilimia 20, halijarudi lilikotoka: 100 inakuwa 120, halafu 96, kwa sababu asilimia ya pili imekatwa kwenye 120. Wafanyabiashara wa Uyole wanalijua hilo bila kalamu, lakini kwenye skrini wahitimu wanalikosea kila siku. Kikokotoo kipo kwenye skrini, ila kukibonyeza kwa kipanya kunakula muda. Kitumie kwa kugawanya namba mbaya tu.

Lugha itakutesa kwa namna nyingine. Kuna maswali ya kuchagua maneno mawili yanayoipa sentensi maana ileile, na ukipata moja tu hupewi hata nusu alama. Hali ni hiyohiyo kwa yale ya "chagua yote yanayofaa". Kukariri orodha ya maneno elfu bila sentensi ni kazi bure. Jifunze maneno 10 kwa siku, kila moja ndani ya sentensi yake, na usome makala ndefu za Kiingereza za sayansi, historia na sanaa, aya moja moja, ukijiuliza mwandishi anapinga nini. Wewe wa Historia hapo una faida kubwa kuliko mhandisi.

Muda: wiki 14 hadi 16, saa 8 hadi 10 kwa wiki. Wiki sita za mwanzo ziende kwenye vitabu vya hesabu vya kidato cha kwanza hadi cha nne, si vitabu vya GRE. Ndiyo, vile vile vya shule. Omba kwa mwalimu mwenzako wa hesabu na umwombe pia saa moja ya Jumamosi. Kisha ndipo uingie maswali ya GRE kwa saa ya kupima. ETS, wenye mtihani huu, wanatoa majaribio mawili kamili ya bure yanayoitwa POWERPREP. Usiyamalize yote mwanzoni. La kwanza fanya wiki ya saba, la pili wiki tatu kabla ya mtihani, yote kwa kikao kimoja bila simu. Weka daftari la makosa lenye safu tatu: sikujua, nilijua ila nilisoma vibaya, muda uliisha. Wengi hugundua safu ya pili ndiyo ndefu, na hiyo haitibiwi kwa kusoma sura mpya.

Ukianguka, unaruhusiwa kurudia baada ya siku 21, hadi mara tano ndani ya miezi 12, na alama zinaishi miaka 5. Lakini kila kurudia ni dola 220 tena.

Je, inafaa kufanya GRE au mtihani wa lugha nyumbani ili niepuke nauli ya Dar? Niko Tukuyu.
*Msomaji, Tukuyu*

Inafaa kama una chumba, umeme na intaneti. Tukuyu shida ya nne ni mvua.

Mtihani wa nyumbani unasimamiwa na mtu anayekutazama kwa kamera na kukusikiliza kwa maikrofoni muda wote. Lazima uwe peke yako, mlango umefungwa na unaonekana na msimamizi, umekaa kwenye kiti cha kawaida na meza tupu; kitandani au kwenye sofa hapana. Simu na tableti hazifai, ni kompyuta tu. Vipokea sauti vya masikioni haviruhusiwi, masikio yaonekane. Kwa GRE karatasi ya kawaida ya kukokotolea haikubaliki: tumia ubao mweupe mdogo na kalamu inayofutika, au karatasi iliyotiwa ndani ya mfuko wa plastiki angavu. Mwisho unaufuta ubao mbele ya kamera.

Sasa mvua. Nyumba ya bati isiyo na dari, mvua ya Machi ikishuka, msimamizi hakusikii na wewe humsikii. Radi nazo zinaondoka na umeme. Kama ratiba yako inaruhusu, panga kati ya Juni na Septemba. Betri ya kompyuta ijae na ihimili saa tatu ukiwa na kamera wazi. Lipime hilo wiki moja kabla, usikisie. Kisanduku cha intaneti (rauta) nacho kinahitaji UPS, yaani betri ya akiba, kwa sababu umeme ukikatika kompyuta itabaki hai lakini mtandao utakufa. Kama unatumia bando la simu, pima kasi saa ileile ya siku utakayofanyia mtihani, kwani jioni mtandao huelemewa. Vipindi vipo usiku na mchana, na alfajiri mara nyingi ndiyo bora: nyumba imelala na mtandao mwepesi.

Kama hata kimoja kati ya hivyo huna uhakika nacho, panda basi. Kutoka Mbeya hadi Dar ni zaidi ya kilomita 800, na lori moja likilala Kitonga safari yote inasimama. Fika siku mbili kabla, si usiku wa kuamkia mtihani. Ukihitaji kubadilisha tarehe ya GRE, fanya hivyo siku 4 kamili kabla au zaidi. Chini ya hapo ada inapotea.

Nimefanya IELTS, mtihani wa Kiingereza: kusikiliza 7, kusoma 6.5, kuongea 6.5, kuandika 5.5. Jumla imeandikwa 6.5 na chuo kinataka 6.5, lakini wamenikataa. Hii ni haki?
*Muuguzi, Njombe*

Pole, dada. Ni haki kwa masharti yao. Jumla yako ni 25.5, ukigawa kwa nne unapata 6.375, na IELTS huizungusha hadi nusu iliyo karibu, ndiyo maana ikawa 6.5. Lakini rudi kwenye ukurasa wa programu: karibu kila mara baada ya 6.5 kuna nyongeza kwamba stadi yoyote isishuke chini ya 6.0. Kuandika kumekuangusha.

Hata hivyo uko karibu. Kama ulifanya kwa kompyuta, uliza kituo chako kama kinatoa nafasi ya kurudia stadi moja tu. Hufanywa ndani ya siku 60 tangu mtihani wa mwanzo. Kabla hujalipia hiyo, kiulize chuo kama kinaipokea, maana si vyote vinavyokubali.

Kuhusu kuandika. Una dakika 60 kwa kazi mbili: ya kwanza maneno 150 kuhusu chati au mchoro, ya pili insha ya maneno 250. Ya pili ina uzito mara mbili. Anza nayo ukitaka, hakuna anayekataza, lakini ipe dakika 40. Makosa tunayoyaona kwa waandishi wa kwetu ni haya. Kwenye chati, mtu anaorodhesha kila namba: Januari hivi, Februari hivi, mpaka Desemba. Mtahini anatafuta sentensi moja au mbili zinazosema picha kubwa, kwa mfano kwamba mvua ilikuwa kubwa kati ya Desemba na Aprili na karibu kutoweka katikati ya mwaka; bila hiyo alama ya kipengele hicho haipandi. Kisha chagua namba tano au sita za kuthibitisha.

Kwenye insha, tatizo kubwa ni utangulizi. Tumefundishwa shuleni kufungua kwa mbwembwe: tangu enzi, katika dunia ya leo ya utandawazi, na kadhalika. Maneno 70 yamekwisha na swali halijajibiwa. Andika sentensi mbili: mada kwa maneno yako, na msimamo wako. Halafu aya mbili zenye sababu moja moja iliyofafanuliwa kwa mfano halisi. Mfano wa hospitali ya wilaya ni mzuri kuliko mfano wa New York ambao huujui. Insha za kukariri wanazitambua haraka na wanaziadhibu.

Sarufi: angalia viambishi vya wingi, vitangulizi vya nomino (a, an, the), na viwakilishi vya mwanamume na mwanamke (he, she), ambavyo kwetu havitofautiani na kwa hiyo huteleza hata kwa mtu aliyesoma sana. Tenga dakika tatu za mwisho kusahihisha hayo matatu tu. Mtafute mtu akusahihishie insha mbili kwa wiki kwa wiki nane. Kuandika insha ishirini ambazo hakuna aliyezisoma hakutakupandisha.

Lafudhi isikutie hofu kwenye kuongea. Hawaikatii alama mradi wanakuelewa. Ila kwenye kusikiliza, tahajia ni sehemu ya jibu, na anayechanganya l na r anapoteza alama ambazo masikio yake yalishazipata.

GPA yangu ni 3.5 kati ya 5. Nikiigeuza kwa kipimo cha 4 napata 2.8, na vyuo vinataka 3.0. Nimekwisha?
*Mhitimu wa Mkwawa, Iringa*

Hapana, na acha kuigeuza. Kwa mfumo wetu 3.5 hadi 4.3 ni daraja la pili la juu, na 4.4 kwenda juu ni la kwanza. Kuzidisha kwa nne na kugawa kwa tano kunalifanya daraja zuri lionekane la kushindwa, na hakuna aliyekuagiza ufanye hivyo. Katika fomu andika 3.5/5.0 na jina la daraja. Kama fomu inalazimisha kipimo cha 4, piga picha ya skrini uwaandikie udahili. Ambatisha ule ukurasa wa transkripti wenye maelezo ya madaraja. Mara nyingi uko nyuma na watu husahau kuuskani.

Ujerumani wana kanuni yao, na kwao 1.0 ni bora kabisa na 4.0 ni kufaulu kwa shida. Toa GPA yako kwenye alama ya juu kabisa, gawa kwa tofauti ya alama ya juu na ya chini ya kufaulu, zidisha kwa 3, ongeza 1. Kwako: 5.0 kutoa 3.5 ni 1.5, 5.0 kutoa 2.0 ni 3, 1.5 ukigawa kwa 3 ni 0.5; mara 3 ni 1.5, ongeza 1, unapata 2.5. Programu nyingi za kule zimeweka mpaka hapo hapo kwenye 2.5. Mwenye 3.4 anapata 2.6 na anabaki nje ya mpaka huo, kwa hiyo wewe umeponea chupuchupu. Hiyo ni hesabu yako ya kuchagulia programu. Ya mwisho wataifanya wao.

Na kwa kuwa tumeitaja Ujerumani: vyuo vingi vya umma havitozi karo, isipokuwa jimbo la Baden-Württemberg linalotoza wanafunzi wa nje ya Ulaya yuro 1,500 kwa muhula, na vyuo vichache vingine. Lakini asiye na ufadhili huonyesha fedha za kuishi katika akaunti iliyofungwa, na tangu Septemba 2024 kiwango ni yuro 11,904 kwa mwaka. Bila mfadhili, hiyo ndiyo mlima wenyewe, si karo. Ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, kwa programu za maendeleo unataka angalau miaka miwili ya kazi na shahada uliyoipata si zaidi ya miaka sita iliyopita.

Cheti cha kidato cha nne kina majina mawili, cha chuo kina matatu na moja limefupishwa kwa herufi, NIDA nayo ina tahajia tofauti. Nijisajili kwa jina lipi?
*Msomaji, Kyela*

Kwa jina la pasipoti, herufi kwa herufi. Siku ya mtihani wanalinganisha kitambulisho na usajili. Wakikukatalia mlangoni ada hairudi. Kwa hiyo pasipoti ije kabla ya mtihani. Ada yake ni shilingi 150,000, na kwa kuwa inafuata taarifa za NIDA, rekebisha NIDA kwanza. Tofauti ndogo kwenye vyeti zinamalizwa kwa hati ya kiapo ya wakili inayotaja majina yote na kusema ni ya mtu mmoja. Kama jina limebadilika kabisa, unahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Skani hati hiyo pamoja na vyeti, isiwe faili la pekee wasilolifungua.

Wahadhiri niliowaomba barua wananiambia "niandikie mwenyewe nitasaini". Nifanye hivyo?
*Mtafiti msaidizi, Uyole*

Usifanye. Mifumo mingi ya vyuo haikuombi wewe barua. Inamtumia mhadhiri kiungo moja kwa moja, na barua tatu zenye mtindo mmoja wa kuandika zinajulikana. Badala yake mrahisishie. Mpelekee, kwa karatasi au barua pepe, mambo manne: transkripti, wasifu wako, rasimu ya maelezo ya nia, na ukurasa mmoja wa kumkumbusha: somo alilokufundisha, alama uliyopata, mradi wako ulihusu nini na wewe ulifanya sehemu ipi. Barua inayosema "ni kijana mwenye tabia njema na nidhamu" haina uzito kule. Inayosema ulikuwa kati ya watano bora darasani, na kwamba jaribio la mbegu za maharage ulilipanga mwenyewe, ina uzito.

Mpe wiki sita. Muulize anwani ya barua pepe ya chuo anayoifungua kweli, maana vyuo vingi havipokei anwani za bure. Siku kiungo kinapotumwa, mpigie simu umwombe atazame hata kwenye barua taka. Mkumbushe wiki mbili kabla, kisha siku nne kabla, kwa adabu. Na uwe na mdhamini wa akiba. Mhadhiri akiwa likizo au ziarani vijijini hakuna wa kumlaumu.

Chevening, ule ufadhili wa serikali ya Uingereza, wanataka saa 2,800 za kazi. Nimejitolea shule moja mwaka mzima na nilikuwa na mafunzo kwa vitendo chuoni. Zinatosha? Na "12:00 UTC" ni saa ngapi kwetu?
*Mwalimu wa kujitolea, Makambako*

Kujitolea kunahesabiwa, kwa malipo au bila malipo. Mafunzo kwa vitendo yaliyokuwa sehemu ya lazima ya shahada hayahesabiwi. Kwa saa 40 kwa wiki unahitaji wiki 70, yaani mwaka mmoja na miezi kama minne. Kwa mwaka mzima una takriban saa 2,000, hivyo endelea, na omba shule ikuandikie barua yenye tarehe na saa kwa wiki. Dirisha lao kwa kawaida hufunguliwa Agosti. IELTS hawaidai wao. Inadaiwa na vyuo utakavyovichagua, na baadhi ya vyuo hukubali barua ya chuo chako kwamba ulisomeshwa kwa Kiingereza.

UTC ni saa ya kimataifa, na 12:00 UTC ni saa tisa alasiri kwetu, siku hiyohiyo. Watu husoma 12:00 wakadhani usiku wa manane, wakafungua kompyuta saa mbili usiku wakakuta mlango umefungwa. Ikiandikwa 23:59 UTC ni saa nane na dakika 59 usiku wa kuamkia kesho yake. Ujerumani wakati wa baridi wako nyuma yetu kwa saa mbili, wakati wa joto saa moja. Sisi tunashauri utume siku tatu kabla, maana siku ya mwisho mifumo yenyewe huwa mizito.

Kuna wakala hapa Mwanjelwa anasema ana "ufadhili wa asilimia mia" na anataka laki nane za kushika nafasi. Nimpe?
*Mzazi, Mbeya*

Hapana, mama. Ufadhili wa kweli hauuzwi wala haushikiwi nafasi kwa fedha. Chevening, DAAD na Erasmus Mundus (wa Umoja wa Ulaya) hawatozi ada ya kuomba ufadhili. Fedha halali utakazolipa ni ada ya maombi ya chuo, ada ya mtihani, viza na vipimo vya afya, na zote hulipwa kwa mhusika mwenyewe, kwa kadi ya benki au kadi ya mtandaoni ya simu, ukapata risiti yenye jina la kijana wako. Mwambie wakala akuonyeshe barua ya udahili, kisha kijana aiandikie ofisi ya udahili ya chuo hicho kwa anwani aliyoitoa kwenye tovuti ya chuo, si ile iliyo kwenye barua. Waulize pia TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kama wakala huyo amesajiliwa. Akikuharakisha kwamba nafasi inafungwa kesho, mwache aifunge.